Barua kutoka Lushoto: Miwati Kando ya Mto

Lushoto, mwezi wa Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Natumaini hapo Ngamiani, Tanga, mko salama na goti lako linaendelea vizuri. Mimi mzima, ila baridi ya huku si mchezo. Saa kumi jioni ukungu unashuka kutoka Magamba, na watu wanakatiza sokoni na mablanketi mabegani. Chai ya tangawizi nainywa kuliko maji. Na jibini ya Irente nimekununulia, usiwe na wasiwasi.

Barabara ya Mombo unaikumbuka: kilomita 33 hivi za kona tupu. Mombo uko kwenye joto la bondeni, mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari, na ukifika Lushoto umeshapanda hadi mita 1,400. Njia nzima uko na Mto Soni, mara mto uko chini kabisa kwenye korongo, mara umekaribia magurudumu. Nilichagua kiti cha dirishani makusudi niyaone maji. Masika yamekwisha, lakini mto ulikuwa bado na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya juu, na unateremka hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Mombo, yanayonyweshwa na mto huohuo. Mifereji ikijaa tope, anayeizibua ni mkulima wa bondeni, wala si yule aliyeuacha udongo uondoke.

Sasa nikueleze jambo lililonikaa moyoni tangu nifike. Ukipita kwa gari utaapa kwamba Usambara nzima ni msitu, maana ni kijani kitupu mpaka vileleni. Nimekuwa nikitembea na mzee mmoja wa hapahapa, mstaafu wa idara ya misitu, na ndiye aliyenifundisha kukichambua hicho kijani. Ile miti mirefu myembamba iliyojipanga juu ya vilima ni mikaratusi, kwao Australia. Mikabela ya mipakani mwa mashamba, kwao Australia. Misindano ya Shume ilitoka Mexico. Na ule mti wa majani madogomadogo, wenye maua ya njano hafifu na harufu tamu, unaokifuata kila kijito kama vile umepandwa kwa kamba, ni mwati, nao ni wa Australia. Msitu wenyewe, wa mikulo, podo na mishai, umebaki juu: Magamba, Shagayu, Mazumbai, na vipande vichache kwenye makorongo ambako shoka halikufika.

Sisemi kwamba kila mti wa kuja ni mbaya. Mkabela unatoa kivuli kwa kahawa na mbao kwa fundi, na hukai ukasikia mtu akilalamika kwamba umemvamia. Mapeasi na mapichi yanayosomesha watoto wa Lushoto nayo ni ya kigeni. Taabu ni mti usiokubali kukaa pale ulipopandwa.

Mwati uliletwa enzi za Wajerumani. Walikuwa na hamu kubwa na milima hii. Mji huu waliuita Wilhelmstal, na Kwai walikuwa na kituo cha majaribio ya kilimo tangu 1896. Walichotaka kwa mwati ni maganda, yana tanini ya kutengenezea ngozi. Siku hizi huku hakuna anayeulizia maganda. Mti uko palepale, kwa sababu una kuni nzuri na mkaa mzuri, na kwa sababu mbegu zake hazina haraka. Mti mmoja unaangusha mbegu nyingi kila mwaka, na mbegu hizo zinaweza kukaa ardhini miaka 50 zikiwa hai. Ukichoma moto ndipo umeziamsha, joto linapasua ganda na miche inachipuka kwa pamoja. Na zikidondokea mtoni, maji yanazisambaza bure hadi vijiji vya chini.

Mzee alinipeleka kwenye kijito kinachotoka chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba. Upande mmoja wa kijito pamebaki kipande cha msitu wa asili: mkuyu mmoja mkubwa uliokumbatia mawe, mishihwi, makangaga marefu kama minazi midogo, na chini yake udongo mweusi laini ambao ukiukanyaga maji yanachuruzika. Upande wa pili ni miwati mitupu. Nilivuka na kupiga magoti pale. Chini ya miwati hakuna kitu. Vijani vikavu vimelala, na ukivifagia kwa kiganja unakuta udongo mgumu wenye nyufa. Mizizi ya mwati ni ya juujuu, na mti mmoja ulikuwa umeshalala kijitoni, umeng'oka na kipande cha ukingo cha ukubwa wa kitanda. Hapo ndipo tope la Soni linapoanzia, Shangazi. Huhitaji mtaalamu akuambie, unaliona kwa macho.

Tulikuta kikundi cha wanakijiji kazini, wengi wao kina mama. Nikawasalimia kwa Kisambaa changu cha kuazima, "Onga mshi," wakacheka na kunipa kazi. Miche ya mwati inayofika magotini inang'olewa kwa mikono, na msimu wake ni huu, ardhi ikiwa bado na unyevunyevu wa masika. Unashika chini kabisa, unavuta taratibu, na mzizi ukikubali unasikia udongo ukiachia. Ukivuta kwa hasira unakatika, nawe umefanya kazi bure. Kisha unakung'uta udongo na kuutundika mche kwenye tawi, mizizi juu, usije ukashika tena.

Miti mikubwa hawaikati, na hili lilinishangaza mpaka nilipoelezwa. Wanabandua ganda kuzunguka shina lote, kuanzia usawa wa kiuno hadi chini, na wanafukua kwa jembe ili ganda litoke hata sehemu iliyofunikwa na udongo. Ukiacha ukanda wa ganda bichi, hata wa upana wa kidole, mti unapona kupitia hapohapo. Ukibanduliwa vizuri unakauka umesimama, polepole, miezi kadhaa. Wakati huo unapukutisha majani na kuruhusu mwanga kidogokidogo, na miche ya asili iliyopandwa chini yake inakua chini ya kivuli kinachopungua. Ukishakauka ndipo unaangushwa kwa kuni. Wangeifyeka yote kwa siku moja, jua lingeingia kwa kishindo, mbegu zilizolala zingeamka zote, na mvua ya kwanza ya vuli ingebeba ukingo wote. Kwa hiyo wanakwenda kipande kwa kipande, kuanzia juu, maana ukianzia chini mto utakuletea mbegu za juu kila msimu.

Miche wanayopanda inatoka kwenye kitalu chao, viriba vimepangwa kwenye kivuli cha matete. Mshai na mkuyu haiwapi shida. Kazi ni mkulo, ule mti wa kafuri wenye mbao zilizopendwa sana mpaka ukakaribia kwisha. Mbegu zake haziaminiki, nyingi zinaliwa na wadudu kabla hazijaiva, na msituni mkulo wenyewe huongezeka zaidi kwa machipukizi ya mizizi. Kwa hiyo wanakusanya vichipukizi na miche iliyojiotea, kwa ruhusa ya wahifadhi, wanailea kitaluni mpaka ipate nguvu. Mama mmoja alinionyesha mkulo wake uliofika kifuani. Aliushika jani kama mtu anavyomshika mtoto sikio.

Mama huyohuyo ndiye aliyenieleza jambo ninalotaka nawe ulishike. Siku ya kupanda miti, alisema, watu hawapungui: viongozi wanakuja, shule zinakuja, picha zinapigwa. Mwaka wa pili wanakuja wachache. Mwaka wa tatu hayupo mtu, na mwaka wa tatu ndio mwati unarudi, kwa sababu mbegu ziko ardhini na mche wa asili bado haujafunga kivuli. Ninaamini maneno yake kuliko ripoti yoyote. Nchi yetu inahesabu miti iliyopandwa. Iliyopaliliwa haihesabu mtu, na kando ya mto palizi ndiyo kazi yenyewe.

Afrika Kusini walilielewa hili mapema. Mwaka 1995 waziri wao wa maji, Kader Asmal, alianzisha mpango wa kuwalipa watu wasio na ajira kung'oa miwati na mimea mingine vamizi kwenye mabonde ya mito, kwa hoja kwamba miti ile ilikuwa ikinywa maji ya taifa. Kinachonivutia si ukubwa wa mpango wao, ni kwamba waliweka malipo ya kurudi. Eneo likisafishwa linarudiwa tena na tena. Huku kwetu mama yule anarudi kwa hiari yake, akiacha shamba lake mwenyewe.

Mikaratusi ni habari nyingine, ngumu zaidi, kwa sababu ni mali ya mtu. Watafiti wa African Highlands Initiative walipofanya kazi katika bonde la Baga, hapahapa Lushoto, wanakijiji waliwatajia mikaratusi iliyo karibu na chemchemi kuwa moja ya kero zao kubwa. Kenya mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na mjadala uliwaka. Lakini mkaratusi ni nguzo, ni boriti, ni ada ya shule ya Januari. Huwezi kumwambia mtu aukate ukaondoka zako. Na ukiukata tu haujafa, kisiki kinatoa machipukizi mengi kuliko mwanzo, lazima uyavunje kila mwezi mpaka kikate tamaa.

Sasa tuje kwenye bustani za mboga, maana hapo ndipo penye ugomvi wa kweli. Karoti, kabichi na hoho mnazokula Tanga na Dar zinalimwa kwenye mabonde membamba, ukingoni mwa maji, kwa kuwa kiangazi hakuna mahali pengine penye unyevu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huku kila mtu anaijua kwa jina la "mita sitini". Simama basi kwenye bonde la Usambara na uzihesabu: mita 60 upande huu, mita 60 upande ule, bonde limekwisha na umeanza kupanda mlima wa pili. Mwenye robo ekari hapo, ukiifuata sheria herufi kwa herufi, hana shamba.

Watu wa hapa hawajasahau mambo ya kulazimishwa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa kulima matuta mlimani chini ya mpango ulioitwa Usambara Scheme, kazi ngumu, faini kwa asiyelima, na lawama zikawaangukia hata machifu waliotumwa kuutekeleza. Watu wakakataa, mpango ukafa, na kwa muda mrefu kuzuia mmomonyoko lilikuwa neno chungu. Baadaye, kuanzia 1981, ulikuja mradi wa SECAP, wa serikali yetu na Wajerumani, ukafuata njia nyingine: pandeni mistari ya majani ya Guatemala kufuata kontua, yatazuia udongo na pia mtamlisha ng'ombe wa ndani. Majani yale nimeyaona mpaka leo kwenye kingo za mashamba, miaka mingi baada ya mradi kufungwa, kwa sababu ng'ombe bado anakula.

Kwa maoni yangu njia ya kando ya mto ni hiyohiyo. Mwenye bustani apate kitu kwenye ule ukanda: miti ya asili majini kabisa, ambayo haigusi mtu, kisha majani ya ng'ombe, kisha ndipo karoti zianze. Afadhali ukanda wa mita kumi unaolindwa na majirani wote kuliko sitini zinazolindwa na kibao. Najua bwana sheria hatalipenda hilo, na vyanzo vyenyewe vya chemchemi ningevitetea kwa mita zote sitini bila huruma. Lakini mkulima wa kijito chembamba akianza na kumi na akaona maji yanabaki mpaka Oktoba, ataongeza mwenyewe.

Amani, Usambara ya Mashariki, nilikwenda kwa ajili yako. Maji unayokinga bombani hapo Ngamiani yanatoka Mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi unaanzia kwenye misitu ya Usambara ya Mashariki. Wajerumani walifungua kituo chao Amani mwaka 1902 na kupanda mimea ya dunia nzima, na mingine imetoka bustanini ikaingia msituni. Kuna kichaka cha Amerika kiitwacho klidemia, majani yana vinyweleo na matunda ya zambarau, kimefuata kila njia iliyopata mwanga. Ila maarufu ni mhesi. Huu si wa ng'ambo hata kidogo. Kwao ni Bukoba, Uganda na Kongo. Ulipandwa Amani, na baada ya ukataji mkubwa wa magogo wa miaka ya 1960 na 1970 uliopasua msitu, mhesi ukajaza kila pengo. Hondohondo wanayapenda matunda yake, wanayameza huku na kudondosha mbegu kule. Pale msitu ulipoachwa utulie, miche ya asili inaota chini ya mihesi na kupanda taratibu. Pale panapofunguliwa tena kwa panga, mhesi unatangulia. Kwa hiyo hata tukisema tupande miti ya Tanzania hatujasema kitu. Wa Bukoba si wa Zigi.

Amani ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza nchini, tangu 1997, lakini kingo za Zigi na Kihuhwi nyingi ziko vijijini, nje ya hifadhi. Huko wakulima wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaoshirikiana na mamlaka ya maji, Tanga UWASA, kutunza mto. Nilipita kwenye mashamba ambako iliki na pilipili manga zimewekwa chini ya miti ya asili ng'ambo ya ukanda wa mto, na kwenye jiwe lenye maji yanayotiririka nikaiona dughulushi ikichanua zambarau, ua lile ambalo Baron Walter von Saint Paul alipeleka Ujerumani miaka ya 1890 na sasa liko kwenye madirisha ya Ulaya nzima. Linataka kivuli na unyevu, likipigwa na jua siku chache limekwisha. Mwaka 2024 Tanga UWASA walitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kupanua miundombinu ya maji. Ni jambo kubwa na ninajivunia. Ningependa tu kwamba kwenye kila ankara yako pawe na shilingi kadhaa zinazokwenda kwa mpaliliaji wa Zigi, kila msimu, kwa jina la palizi.

Mwisho, shamba la babu kule Bumbuli. Nimelifikia. Chemchemi ipo, lakini imepungua, na Baba Mdogo mwenyewe anakiri. Amepanda mikaratusi minne mikubwa karibu nayo kabisa, na miwati imepanda kutoka mtoni hadi kwenye mgomba wa mwisho. Tumekaa tukazungumza vizuri, hakuna aliyepandisha sauti. Amekubali kuivuna ile minne sasa na kuuza nguzo, fedha zibaki kwake, na kijana wake atavunja machipukizi kila mwezi. Mikaratusi ya juu mlimani itabaki, ile haina ubaya. Kwenye chemchemi tutapanda mkuyu na mishai, mikulo nimeiagiza kwenye kitalu cha wale kina mama, na juu yake mistari ya Guatemala kwa ajili ya ng'ombe wake.

Amekwama kwenye jambo moja: matuta yake ya karoti yaliyo jirani na maji. Anasema ndiyo yanayomlipia mbolea. Nimemwambia nitalipa palizi ya ukanda huo kwa msimu, kwa miaka mitatu, naye ahamishe karoti juu ya majani. Hajakataa, lakini anataka kusikia kutoka kwako, maana shamba ni la baba yenu na wewe ndiye mkubwa. Tafadhali mpigie kabla ya Agosti, mashimo yanatakiwa yawe yamechimbwa Septemba ili miche ikutane na vuli. Simu yake imeharibika, tumia ya mkewe, na upige baada ya saa moja usiku. Mchana wako shambani na mtandao haushiki kule bondeni.

Nisalimie wote nyumbani.

Mwanao akupendaye